Rangi ya Uso wa Marehemu

"Nafikiri ni yeye."

Maneno hayo matatu yalininyima usingizi. Aliyeyasema ni mwanamke wa makamo aliyekuja kwenye studio tuliyofanyia kazi mjini Nyeri, akaonyeshwa picha ya mama yake mzazi kwenye skrini ya kompyuta, akainama, akaukumbatia mkoba wake na kunyamaza. Alinyamaza kwa muda ambao mtu hapaswi kunyamaza mbele ya uso wa mama yake. Ukimwona mama yako unasema huyu ni mama. Hufikiri. Nililala nikigeuka ubavu huu na ule, nikijiuliza kama kosa lilikuwa la skrini, la karatasi, au la macho yangu mwenyewe. Nilipomaliza hayo, nikaanza upya: hata kama kosa lipo, mimi ni nani niamue mama wa mtu mwingine alikuwa na rangi gani?

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na digrii ya fizikia na nilikuwa nimekaa nyumbani Kangari muda mrefu, nikichuma majani chai pamoja na mama yangu huku majirani wakiuliza kwa upole kama bado nasubiri kuitwa. Kazi ya studio ilipopatikana, baba alitangaza kanisani kwamba mwanawe ameajiriwa kwenye kompyuta. Hakusema ni kazi gani hasa. Kazi yenyewe ilikuwa kuwapendezesha wafu.

Kwetu huku mtu akizikwa, msichana wa familia hutangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika picha yake ndani ya fremu. Baada ya mazishi picha hiyo hutundikwa sebuleni na kufunikwa pembeni kwa kitambaa cha kufuma, na hapo ndipo itakapokaa hadi wajukuu wawe na wajukuu. Wazee wengi wa wakati ule walikuwa wamepigwa picha mara mbili au tatu maishani. Basi familia ilileta kijipicha cha kitambulisho, au picha ya kikundi ambamo marehemu alionekana akiwa nusu bega nyuma ya mtu mwingine, nami nikaiingiza kwenye kompyuta kwa skana, nikamkata marehemu na kumtoa kwa wenzake, nikamkuza, nikamchapisha. Hiyo ndiyo picha ambayo familia ingemkumbuka kwayo.

Mwenye studio alikuwa mama wa miaka hamsini hivi. Wote tulimwita Madam. Yeye aliniita Profesa, na hakuwa akinisifu. Alikula mahindi ya kuchoma juu ya kibodi, na kila asubuhi niliigeuza na kuikung'uta, punje zikadondoka pamoja na nywele na ganda la njugu. Alijipaka krimu za kung'arisha ngozi. Uso wake ulikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, lakini vifundo vya vidole vilikataa kubadilika, vikabaki vyeusi vile vile, na alipoinama begani kwangu kuelekeza kwenye skrini, krimu ile ilinuka kama mafuta yaliyokaa juani. Nilijifunza kuvuta pumzi kwa mdomo.

Skrini nayo! Watu waliigusa. Walishika mashavu ya wafu wao kwa vidole vilivyotoka kula mandazi, wakapapasa macho, wengine wakambusu marehemu hapo hapo kwenye kioo. Sikuwalaumu, lakini ni mimi niliyebaki na kitambaa na spiriti nikifuta mafuta na machozi ya mji mzima.

Hata hivyo, kilichonichefua zaidi kilikuwa dirishani. Madam alipanga pale picha alizoziona bora ili wapita njia wavutiwe. Zilikuwa nyuso za kijivu. Zilifanana na mtu aliyemwagiwa unga akapanguswa kwa mkono mkavu. Midomo ilikuwa ya zambarau, kama ini lililolazwa. Makoti meusi yaligeuka rangi ya panya. Nilipita hapo kila asubuhi nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Nitaeleza jinsi zilivyopatikana. Skrini hujiwashia taa yake yenyewe. Karatasi haina taa, hurudisha tu mwanga uliouangukia. Kwa hiyo uso uleule huonekana uking'aa kwenye kioo, kisha ukichapishwa hutoka mzito na mweusi kama uliochovywa kwenye mafuta ya gari. Dawa yake ni kuipima skrini: kuishusha na kuipanga mpaka kile unachokiona kwenye kioo kiwe ndicho kitakachotoka kwenye karatasi. Madam hakutaka ishushwe. Mteja alilipia kwa sababu ya kile alichokiona kwenye kioo, na kioo kilipaswa kung'aa. Karatasi ikitoka nyeusi, dawa yake yeye ilikuwa kuung'arisha uso wenyewe, mara moja, mara mbili, mpaka kila kilicho cheusi kigeuke jivu.

"Profesa, hii sura iko giza sana. Ongeza. Ongeza tena. Watu hawatoki Karatina kuja kuona usiku."

"Madam, nikiongeza tena pua itapotea."

"Pua ya nini? Kwani marehemu ako na mafua?"

Wateja walicheka, hata wale waliokuwa na macho mekundu kwa kulia. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu kazi ni kazi.

Nilijaribu kuipima skrini ile zaidi ya mara moja. Fundi aliyetuletea mashine kutoka Nairobi alituachia picha ya kupimia, iliyochapishwa vizuri kiwandani, na nakala yake ndani ya kompyuta. Unaweka ile ya karatasi kando ya ile ya skrini, unazungusha vitufe mpaka zifanane. Ilikuwa picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za manjano, ameketi kati ya mito ya rangi rangi na bakuli la matunda. Nilikata boksi la sabuni nikalifanya paa juu ya skrini ili mwanga wa dirishani usiipige. Nilizima taa ya mrija, ambayo huwatia watu wote ukijani. Niliiacha skrini ipate joto kwanza. Nilimbeba yule mwanamke wa karatasi hadi mlangoni na kumrudisha, tena na tena, mwezi wa Julai, ukungu umelala hadi kwenye mabati na mlima haujaonekana kwa wiki nzima. Nilifaulu. Mashavu yake yalikuwa ya waridi kwenye kioo na ya waridi kwenye karatasi, kama pera lililopasuliwa. Kisha nilimchapisha mzee mmoja wa hapa hapa, akatoka kama tope. Pua, shavu, na jicho, vyote shimo moja.

Nililaumu wino. Nililaumu karatasi, nikalaumu stima, umeme wetu unaopanda na kushuka. Nilirudi kwenye vitabu vyangu vya chuo. Nikajilaumu mimi. Na kila nilipotoka kwenda kunywa chai, nilirudi nikakuta Madam amezungusha kitufe cha mwangaza hadi mwisho.

Basi Alhamisi moja ndipo alipokuja yule mama wa maneno matatu. Aliolewa upande wa Kagio, alikuwa akinunua nyanya huko na kuziuza katika soko la Karatina, ambako mama yake naye aliuza viazi maisha yake yote. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Alileta picha moja tu, ndogo, ya akina mama wa kanisa wakiwa wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani. Ilikuwa imezeeka na kugeuka nyekundu yote, vitambaa vikawa rangi ya waridi na nyuso rangi ya matofali. Hapakuwa na nyingine. Moto wa jikoni ulikuwa umeziunguza nyumba na albamu miaka mingi nyuma.

Madam alikaa mwenyewe kwenye kompyuta. Alitoa wekundu, akaung'arisha uso, akaung'arisha tena. Kitambaa kikawa cheupe kweli kweli, na chini yake akatokea mwanamke mwenye rangi ya Madam.

"Si unaona vile amekuwa smati?" Madam akasema. "Kama bibi arusi."

Ndipo yule mama aliponyamaza, kisha akasema maneno yake matatu.

Ijumaa nilifungua studio mapema. Nilikuwa nimelala kidogo sana na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Printa ilikuwa imeshatoa kazi ya jana, imekauka, na ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka. Jivu tupu. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama mashine hii ingeweza kutoa rangi ya mtu yeyote ninayemjua kwa macho yangu, na mtu pekee aliyekuwa mle ndani ni mimi. Nikafunua skana, nikalaza mkono wangu juu ya kioo, kucha zikiangalia chini, nikaufunika kwa sweta, nikaupiga picha.

Niliuchapisha nikitumia vipimo vya yule mwanamke wa matunda. Nikauweka mkono wa karatasi kando ya mkono wangu, pale mlangoni, kwenye mwanga wa ukungu.

Ulikuwa mkono wa mtu aliyefia mtoni.

Nadhani nilisema kitu kwa sauti, kwa sababu mama muuza magazeti wa nje aligeuka kuniangalia. Miezi yote ile nilikuwa nimepima nyuso za watu wa Nyeri, Karatina, Kagio na Kangari kwa shavu la mtu ambaye hakufanana na hata mmoja wao. Vipimo vile vilikuwa sahihi kabisa, kwake. Kati ya nywele zake za manjano na zabibu zake hapakuwa na hata sehemu ndogo ya ngozi iliyofanana na yangu, kwa hiyo mashine haikuwa imeulizwa kamwe swali lolote kutuhusu. Nami mwenye digrii ya fizikia sikuwa nimeliuliza.

Nikarudi kwenye kiti nikaanza upya, safari hii kwa mkono. Mkono wa skrini, mkono wa karatasi, mkono wenyewe. Nilishusha mwangaza mpaka kioo kikaonekana kimechoka. Nilipunguza ubuluu. Niliinua sehemu za giza kidogo tu, zile za katikati ya vidole, bila kugusa kucha. Nilichapisha kipande, nikakipunga hewani kikauke, maana wino mbichi hudanganya, nikaenda mlangoni nikatazama, nikarudi. Vipande vya mikono vikajaa mezani. Kisha kikatoka kimoja ambacho nilikilaza juu ya mgongo wa mkono wangu na kwa sekunde sikuona kinaishia wapi.

"Wee kijana, unaweka mkono kwa hiyo mashine ni nini, unapigwa eksirei?"

Alikuwa ni yeye, binti wa marehemu, amesimama mlangoni na kikapu. Alikuwa amekuja kuchukua picha kabla magari ya kwenda mochari hayajapangwa. Nilificha ile ya jivu chini ya gazeti, nikamkaribisha kiti.

"Mama," nikamwambia, "nikuulize, na usikasirike. Mama yako alikuwa mtu wa rangi gani?"

"Ati rangi gani?" Akaniangalia kama mtu ambaye hajui acheke au anipige. "Alikuwa mweusi. Mweusi kabisa. Sokoni walikuwa wanamwambia asisimame nyuma ya sufuria, wateja hawatamwona. Na yeye anawajibu, 'Basi nunueni viazi kwa sufuria.'" Akacheka, akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Rangi yake ndiyo hii." Akapandisha mkono wa sweta yake na kuunyoosha mkono wake mbele yangu.

"Mbona jana hukusema?"

"Ningesema nini? Nyinyi ndio mnajua kompyuta. Nilidhani pengine hivyo ndivyo mtu anakaa akishakufa."

Nilifungua upya ile picha nyekundu, nikautoa wekundu taratibu, nikakiangalia kitambaa mpaka kikawa cheupe cha kawaida, cheupe cha nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa kwenye ua. Uso niliuacha ushuke wenyewe kwenye weusi wake. Yule mama aliweka mkono wake juu ya meza kando ya skrini na hakuuondoa. Karatasi ilipotoka na kukauka, tulikuwa na mwanamke mweusi, mwenye mikunjo miwili kati ya nyusi na jicho moja lililofumba kidogo kwa ajili ya jua. Kwenye ile ya Madam mikunjo hiyo haikuwepo.

Hapo ndipo Madam alipoingia, akatupa mkoba, akaiona skrini.

"Profesa! Umefanya nini kioo yangu? Iko giza kama jikoni ya kuni ya ushago!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe, akakizungusha hadi mwisho, na mwanga wa buluu ukatupiga sote machoni. Kisha akaona karatasi. Akaichukua kwa vidole viwili. "Na hii?"

"Ndiyo rangi yake, Madam. Tumeipima."

"Nani alikuambia upime? Mteja alishakubali jana." Akamgeukia yule mama, sauti ikalainika. "Mama, ngoja kidogo tu, fremu yako iko tayari. Huyu kijana amesoma sana."

Alinivuta nyuma ya pazia, mahali tulipowekea karatasi. Nilitarajia matusi. Badala yake aliongea polepole, karibu sana na uso wangu, na ile harufu ikanizunguka.

"Wewe hujui kitu. Mimi darasani nilikuwa naitwa makaa mpaka nikaacha shule. Mwalimu alikuwa anasema nicheke ndio anione. Unajua hiyo? Mtu kama huyo mama alidharauliwa maisha yake yote, na anakuja hapa mara moja tu, na ni wakati amekufa. Wacha hiyo siku moja awe msafi."

Msafi. Mpaka alipofikia neno hilo nilikuwa karibu kumwonea huruma, na mashaka yangu ya usiku yalikuwa yamerudi yote: labda anajua asichokijua mtu wa vitabu, labda marehemu mwenyewe angechagua kuwa bibi arusi, labda familia itaona aibu mbele ya waombolezaji, labda mimi naokoa rangi tu na wao wanataka faraja. Ningeweza kusimama katikati ya labda mpaka jioni. Lakini neno hilo lilininukia kama kitu kilichooza. Nilimwona yule marehemu muuza viazi na mikunjo yake miwili, nikaziona nyuso zote za dirishani zilizosafishwa hadi kuwa jivu, na mimi ndiye niliyezichapisha.

"Sitampa ile ya jana bila kumwonyesha hii," nikasema.

"Basi Jumatatu usije."

Nilifikiria baba yangu kanisani. Nilifikiria jinsi angeketi kwenye benchi wiki ijayo, na jinsi majirani wangeuliza kwa upole wao ule ule. Nilifikiria pia kwamba sina uhakika, sina kabisa, na kwamba nikingoja kuwa na uhakika jeneza litakuwa limeshashuka. Ila kulikuwa na mtu mmoja mwenye uhakika, naye ameketi upande wa pili wa pazia, na tangu jana hakuna aliyemuuliza.

Nikatoka. Nikaitoa ile ya jivu chini ya gazeti, nikaichukua na ile nyeusi, nikamwambia yule mama anifuate nje. Madam alikuja nyuma yetu akisema, "Profesa, Profesa," kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Nikasimama kwenye kizingiti nikazinyanyua zote mbili, moja kwa kila mkono, mahali ambapo hapakuwa na skrini wala taa ya mtu yeyote.

"Chagua wewe," nikamwambia. "Yoyote utakayochagua, ndiyo nitakayotia kwenye fremu."

Hakunyamaza hata kidogo.

"Huyu," akasema, akigusa mikunjo ya kwenye paji la uso. "Huyu ndiye alikuwa ananichapa na mwiko." Akaitazama ile nyingine kwa haraka, kama mtu anavyotazama chakula kilichoingia nzi. "Huyo mwingine simjui. Mtoe hapo."

Madam aliingia ndani. Nilimsikia akivuta kiti. Nikaingia nami, nikachukua fremu, nikapangusa kioo chake pande zote mbili, nikailaza picha ndani na kuzikunja klipu za nyuma moja baada ya nyingine. Nikaifunga kwa gazeti na kamba ya katani, nikavaa sweta yangu, nikaibeba hadi chini kwenye kituo cha matatu, yule mama akitangulia na kikapu chake.